"Always" na "Yesterday" Vikae Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vielezi vya Wakati Katika Kiingereza

Maswali haya yametoka kwa watu wanaohudhuria darasa la jioni la Kiingereza hapa Ngamiani, Tanga. Wamo makarani wa bandarini, wahudumu wa hoteli za Raskazone, vijana wanaowaongoza wageni kwenye Mapango ya Amboni, na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaojiandaa na mtihani. Wote hukwama pale pale: neno la wakati likishaingia kwenye sentensi, hawajui waliweke kabla ya kitenzi, baada yake, au mwisho kabisa. Majibu nimeyatoa kwa Kiswahili kwa makusudi. Tunafikiri kwa Kiswahili, na makosa mengi ya hapa yanatoka humo humo.

Mbona "Mimi jana nilikwenda Pangani" ni Kiswahili kizuri, lakini "I yesterday went to Pangani" mwalimu anaikata?

Kwa sababu "mimi" na "I" hazifanyi kazi moja. Katika sentensi ya Kiswahili, mtendaji yumo ndani ya kitenzi: ni ile ni- ya mwanzo wa "nilikwenda". "Mimi" imeongezwa kutia mkazo tu, na ukiiondoa sentensi haipungukiwi kitu. Ndiyo maana inahamahama: jana mimi nilikwenda, mimi nilikwenda jana, nilikwenda jana mimi. "Jana" ikipita katikati haikati chochote, maana ni- na kitenzi chake bado wameshikana.

Kiingereza hakina ni-. "I" ndiyo hiyo hiyo inayombeba mtendaji, haiondoki, na inataka kitenzi chake kiwe karibu. Kati yao ipo nafasi, lakini ni nyembamba na ina wenyewe. "Yesterday" si mmoja wao. Sema "I went to Pangani yesterday", au ukitaka kuanza na siku, "Yesterday I went to Pangani."

Kosa hili linawapata hata watu wanaoongea Kiingereza vizuri, hasa wakiwa na haraka au hasira. Sikiliza mtu akilalamika: "Me I every day I tell you!" Hapo ni "Mimi kila siku nakwambia" imevalishwa maneno ya Kiingereza.

Sasa ni maneno gani yanayoruhusiwa kuingia hapo katikati?

Kwanza ni yale ya desturi, yanayosema jambo hutokea kwa wingi gani: always, usually, often, sometimes, rarely, seldom, never. Kisha ni yale yanayoeleza jambo limefikia wapi, au linafuatana vipi na jingine: already, just, still, now, then, soon, once, first, recently, finally. Ukiyatazama, hakuna hata moja linalotaja tarehe wala saa.

Yanayobaki nje ni yale yanayonyoosha kidole kwenye siku, saa au mwaka: yesterday, today, tomorrow, tonight, last week, every day, on Friday, at six o'clock, in 1914. Hayo yapeleke mwisho wa sentensi, au yatangulize mbele kabisa.

Tuchukue mfano wa hapa hapa mjini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta jeshi kutoka India, likashuka upande wa Raskazone, na likashindwa na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa Kiingereza: "The British attacked Tanga in November 1914." Mwezi na mwaka vimekwenda mwisho. Ukiendelea na kisa hadi pale nyuki walipowavamia askari, unaweza kusema: "The bees soon joined the battle." "Soon" imeingia katikati bila shida, kwa sababu haikuambii ilikuwa saa ngapi, inakuambia haikuchukua muda.

Sentensi moja inaweza kubeba aina zote mbili, kila moja mahali pake: "Sisal first came to this coast in 1893." "First" iko kabla ya kitenzi, mwaka uko mwisho. Na utaona kwamba kanuni haibadiliki nomino ikichukua nafasi ya kiwakilishi. "It first came", "sisal first came", ni yale yale.

Je, ni suala la urefu? Neno moja lipite, maneno mawili yakae nje?

Karibu, lakini si kamili. Nafasi ile ni kama kiti cha nyuma cha bajaji: abiria mwembamba wa tatu anajibana, gunia la mkaa halipiti. Kwa hiyo "every day", "once a week", "from time to time", "in the morning" yote yanakwenda nje. Ila "hardly ever" na "almost always" hupita ingawa ni maneno mawili: "I hardly ever eat octopus." Na "yesterday", "today", "daily", "weekly" ni neno moja moja lakini hayapiti. Tazama kazi ya neno kwanza, urefu baadaye.

Kuna njia ya kulikumbuka hili bila kukariri orodha?

Ipo, na unayo tayari kinywani. Chukua "nimeshakula" uifungue: ni-, kisha -mesha-, kisha kula. Wakati umekaa wapi? Kati ya mtendaji na kitenzi. Sasa iweke pembeni ya "I have already eaten": "I", kisha "have already", kisha "eaten". Ni mpangilio ule ule, isipokuwa Kiingereza kimeacha nafasi kati ya maneno na sisi tumeyagandisha.

Fanya hivyo na mengine. "Sijawahi kuvuta sigara" inakuwa "I have never smoked." "Baba huamka alfajiri", yenye ile hu- ya mazoea, inakuwa "My father usually wakes up at dawn." "Ndiyo kwanza nimefika" inakuwa "I have just arrived." Yale ambayo Kiswahili kinayaminya ndani ya kitenzi au kuyabandika mbele yake, Kiingereza nacho mara nyingi kinayaweka ndani. Yale ambayo Kiswahili kinayasema kwa neno la pembeni, kama jana, mwaka juzi, kila Ijumaa au saa mbili, Kiingereza nacho kinayaacha pembeni.

Ulinganifu huu una matundu. "Mara nyingi" kwetu iko nje ya kitenzi lakini "often" yao iko ndani. Na ile -ja- ya "sijala" huzaa "yet", ambayo hupenda mwisho wa sentensi: "I haven't eaten yet." Hata hivyo utakuokoa mara nyingi kuliko utakavyokuangusha, na mwanafunzi akishauona hawezi tena kuuona "I have already" kama kitu cha ajabu kutoka ng'ambo.

Mbona tunasema "She is always late" na si "She always is late"? Kielezi si kikae kabla ya kitenzi?

Kitenzi cha "kuwa", yaani am, is, are, was, were, kina desturi yake: kielezi hukifuata. "I am usually at the port by eight." "They were never angry." Ukikiweka mbele, "She always is late", Mwingereza atasikia kama unabishana na mtu aliyekataa.

Vitenzi visaidizi, kama have, will na should, navyo ni hivyo hivyo. Kielezi hufuata kisaidizi cha kwanza: "I have always lived in Chumbageni", "The ship will soon leave", "Fish is usually sold before noon." Visaidizi vikiwa viwili au vitatu, kifuate cha kwanza na mara nyingi hutakosea: "The ship should already have left."

Kwa nini mwalimu anaweka duara kwenye "She always come late"? Kielezi si kiko mahali pake?

Kielezi kiko mahali pake. Tatizo ni "come". Lingekuwa "She comes late" usingeisahau ile s, kwa sababu "she" na "comes" zinagusana na sikio limezoea. Ukishaingiza "always" kati yao, "she" inasogea mbali, na mkono unaandika "come" kana kwamba mtendaji amebadilika. Hajabadilika. Upatanisho unaruka juu ya kielezi na kutua kwenye kitenzi: "She always comes", "He never eats", "It often rains in Lushoto", "My sister hardly ever phones."

Nikisahihisha madaftari, hili ndilo ninalolikuta zaidi ya yote, hata kwa wanafunzi wanaoandika insha nzuri. Dawa yake ni ya kizembe lakini inafanya kazi: funika kielezi kwa kidole, usome kilichobaki. "She come late." Sikio litakataa lenyewe.

Pacha wake ni "I am always wake up early". Hapo mtu ameona "I am always" mahali fulani, akaichukua kama kipande kimoja na kukibandika mbele ya kitenzi chochote. "Am" iende na jina, sifa, mahali, au kitenzi chenye -ing au cha kutendwa. Kitenzi kitupu hakiitaki: "I always wake up early."

Nimesema "I have ever been to Lushoto", mgeni akanitazama tu. Kosa liko wapi?

Ulitaka kusema "Nimewahi kufika Lushoto." Umechukua "wahi" ukaipa "ever", na umeiweka mahali sahihi kabisa, baada ya kisaidizi. Ila "ever" haikai kwenye sentensi ya kawaida ya kukubali. Inakaa kwenye swali: "Have you ever been to Lushoto?" Inakaa kwenye ukanushi: "I haven't ever seen snow." Inakaa penye sifa ya juu kabisa: "It's the best mango I have ever eaten." Na hukaa baada ya "if". Kwenye kukubali kwa kawaida, iache.

Basi useme nini? "I have been to Lushoto" inatosha; ile "have been" peke yake imeshabeba kuwahi. Ukitaka kuongeza kidogo, "I have been to Lushoto before." Ukitaka kusimulia kisa, "I once went to Lushoto", halafu uendelee na ilivyokuwa baridi.

Kosa hili limeenea Afrika Mashariki nzima kiasi kwamba ukilisema hapa Tanga, au Mombasa, au Kampala, hakuna atakayeshtuka. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunaelewana. Atakayeshtuka ni mtahini na mgeni.

Naomba unifafanulie "bado". Mara "still", mara "yet".

Hili ni swali ninalolipenda, kwa sababu neno letu moja linafanya kazi za watu wawili.

Bado ya kuendelea ni "still", nayo inaingia katikati: "Bado anafanya kazi bandarini" ni "He still works at the port." Kwa kitenzi cha kuwa, inafuata: "He is still asleep."

Bado ya kutokutimia ni "yet", na mahali pake pa kawaida ni mwisho: "Bado hajafika" ni "He hasn't arrived yet." Kwenye maandishi rasmi unaweza kuiunganisha na "not" katikati: "The ship has not yet arrived." Magazeti yanapenda hata "The ship has yet to arrive", ambayo haina "not" lakini ina maana ya kukanusha, usiiongezee "not", utaivuruga.

Kisha kuna ya tatu. "He still hasn't arrived." Hii nayo ni "bado hajafika", ila anayesema amechoka kungoja. Karani akimwambia bosi "The documents haven't arrived yet", anatoa taarifa. Akisema "The documents still haven't arrived", anamlaumu mtu. Angalia mahali: penye ukanushi, "still" inatangulia kisaidizi, inakaa kati ya kiwakilishi na "haven't" au "don't". "I still don't understand." Hii ni mojawapo ya nafasi ambazo kielezi hakifuati kisaidizi cha kwanza, na watu wengi huandika "I don't still understand" kwa kufuata kanuni kwa uaminifu mno.

Na mtu akikuuliza "Are you ready?", sisi hujibu "Bado!" Kwa Kiingereza usijibu "Still!" Jibu "Not yet."

"I once saw a dolphin" na "I saw a dolphin once" ni kitu kimoja?

Zinakaribiana, lakini mahali pameibadilisha maana kidogo. Ikiwa katikati, "once" ni "kuna wakati", "siku moja": msikilizaji anajiweka sawa kusikiliza hadithi. Ikiwa mwisho inaweza kuwa "mara moja tu", yaani hesabu. Mwongoza wageni anayesema "I once saw a dolphin near Pangani" anaanzisha mazungumzo. Anayesema "I have seen a dolphin once" amejibu swali la mara ngapi.

"Now" nayo ina mchezo wake. "I work in Muheza now" na "I now work in Muheza" zote sawa kisarufi, ila ile ya pili inakazia kwamba zamani nilikuwa kwingine, na ina harufu ya barua. Na "then": "He then locked the office" ni "kisha akafunga ofisi", lakini "He was then a student" ni "wakati huo alikuwa mwanafunzi."

Kama "yesterday" haiingii katikati, mbona magazeti yanaandika "The minister yesterday opened the bridge"?

Umeona sawasawa. Ni mtindo wa magazeti ya Kiingereza, ya kwetu na ya kwingine. Ya Marekani hupenda kutaja siku: "The president on Monday signed the bill." Mwandishi wa habari anataka siku ionekane mapema, na mwisho wa sentensi yake mara nyingi ni mrefu, umejaa majina na vyeo, akiiacha siku huko nyuma itapotea au itashikana na kitenzi kingine. Akiandika "The minister opened the bridge that engineers repaired yesterday", msomaji hajui kilichotokea jana ni ufunguzi au ukarabati.

Kwa hiyo ukiikuta gazetini, isome uendelee. Usiipeleke kwenye insha, barua ya kazi, wala maongezi. Na angalia: hata magazeti hufanya hivyo baada ya cheo au jina la mtu tu, si baada ya kiwakilishi. "He yesterday opened the bridge" inakwaruza hata humo.

"I don't always" na "I always don't" zina tofauti?

Kubwa. Na Kiswahili kinaionyesha vizuri kuliko kitabu chochote cha sarufi. "Si kila siku basi linaondoka kwa wakati": siku nyingine linaondoka, nyingine linachelewa. Hiyo ni "The bus doesn't always leave on time." Sasa geuza: "Kila siku basi haliondoki kwa wakati." Hapo hakuna siku hata moja linapowahi. Kwa Kiingereza hiyo ya pili haisemwi "The bus always doesn't leave on time", ingawa inaeleweka. Husemwa "The bus never leaves on time", au "The bus always leaves late."

"Usually" ni mpole, anakubali pande zote: "I don't usually eat breakfast", "I usually don't eat breakfast." "Sometimes" hutangulia ukanushi: "I sometimes don't eat breakfast." Ukisema "I don't sometimes", utasikika umekosea.

Na "never" imeshakanusha, haitaki msaada. "I don't never eat pork" ni kukanusha mara mbili. Kosa hili linaeleweka kwa sababu sisi "kamwe" tunaisindikiza na kitenzi kilichokanushwa: "sili kamwe". "Never" hutembea na kitenzi kinachokubali: "I never eat pork."

Kwenye swali kielezi kinakwenda wapi?

Kinabaki nyuma ya mtendaji, basi. "Do you often go to Pangani?" "Have they already eaten?" Na kitenzi cha kuwa, ambacho kilikuwa kinatusumbua, hapa kinatulia kwa sababu kimeshatangulia mbele: "Is she always late?" Ukiwa kwenye swali huna haja ya kuuliza ni kitenzi gani. Tafuta mtendaji, weka kielezi baada yake.

Nilimwambia mzungu "My boss is always calling me", akanipa pole. Kwa nini?

Alidhani unalalamika, na alikuwa na haki. "Always" ikiingia kwenye kitenzi cha -ing, hubeba kero, au angalau mshangao kwamba jambo limezidi. "My boss always calls me at nine" ni ratiba. "My boss is always calling me" ni "bosi wangu hachoki kunipigia simu." Sisi tungesema "kila saa ananipigia", na sauti ingemalizia.

Inaweza pia kuwa sifa, kwa tabasamu: "Your mother is always giving people food." Inategemea sauti na kitenzi. Ila kwenye barua ya kazi usiandike "I am always helping customers" ukidhani ni sifa. Andika "I always help customers."

Naweza kuanza sentensi na kielezi?

"Sometimes" na "usually", ndiyo, bila wasiwasi: "Sometimes we walk to Raskazone." "Often" hukubali kwa mkazo. "Always" na "never" hazianzi sentensi ya kawaida. "Always I wake up early" ni tafsiri ya "Siku zote naamka mapema". Huanza kwenye amri, kwa sababu hapo kiwakilishi kimefichwa: "Always wash your hands." "Never leave the rope", kwa anayeongoza wageni pangoni.

Ipo "Never have I seen such rain", ambapo kisaidizi kinaruka mbele ya "I". Ni ya hotuba na vitabu. Ijue ili uielewe. Kijiweni utaonekana unahutubia.

"I drink always tea" ina ubaya gani? Wafaransa wanasema hivyo.

Wanasema hivyo kwa lugha yao. Kiingereza hakipendi kitu chochote kitenganishe kitenzi na kile kinachotendwa. "Drink" na "tea" waache wakae pamoja: "I always drink tea", au "I drink tea every day." Vivyo hivyo "I speak very often English" irudishe iwe "I very often speak English" au "I speak English very often."

Ukifika mwisho wa sentensi, mahali hutangulia wakati: "I went to Korogwe by bus yesterday." Saa ikiandamana na siku, saa kwanza: "We start at eight every Monday." Na ukitaja saa, kumbuka unabadilisha saa pia. Kuna mhudumu aliyemwambia mgeni kifungua kinywa kinaanza "at one", akimaanisha saa moja asubuhi. Mgeni akalala hadi mchana.

Tunaweza kuona sentensi za mtu zikisahihishwa?

Hizi ni za barua ya kuomba kazi hotelini, aliyeandika ameniruhusu kuzitumia bila jina:

"I yesterday saw your advertisement. I am always wake up early and I never been late. I have ever worked in a restaurant in Muheza. I can soon start the work. I every day I read English."

Ya kwanza mnaijua: "I saw your advertisement yesterday." Ila kwenye barua ningeiondoa "yesterday" kabisa, barua itasomwa siku nyingine na neno halitakuwa na maana. Ataje tarehe ya tangazo.

Ya pili: "I always wake up early and I have never been late." "Never" ilikuwa mahali pake, kisaidizi ndicho kilichoangushwa. "Mapema" nayo ningeitazama upya. Mwajiri haajiri mtu kwa kuamka, anamwajiri kwa kufika, kwa hiyo "I always arrive on time."

Ya tatu: watu wengi darasani walitaka "I once worked in a restaurant". Kisarufi sawa, lakini inasikika kama kisa cha zamani kilichokwisha. Kwenye barua ya kazi "I have worked in a restaurant in Muheza" ina nguvu zaidi, na akiongeza muda, "for two years", ataweka mwisho.

Ya nne si kosa. Lakini neno linalomhusu mwajiri hapo ni "lini", na "soon" iliyofichwa katikati inapita bila kusikika. Kinachowekwa mwisho wa sentensi ya Kiingereza husikika zaidi: "I can start work on Monday."

Ya tano: "I read English every day." Ile "I" ya pili ni ni- yetu ya "nasoma", imefuata hadi huko.

Je, "to always remember" ni kosa? Mwalimu wetu wa zamani alikuwa anachapa kwa hilo.

Walimu wa zamani walifundishwa kwamba "to" na kitenzi havitenganishwi. Leo vitabu vingi vya sarufi na waandishi wazuri wanakubali, hasa pale ambapo kukihamisha kielezi kunaharibu maana au mwendo wa sentensi. Wachache bado wanakataa, kwa hiyo kwenye mtihani andika "always to remember" kama inakuja kwa urahisi, na kama haiji, panga sentensi upya: "You must always remember."